Kiti cha Mama Ukuta

Mapenzi yana mambo. Yanaweza kumfanya mwanamke mwenye akili zake timamu, mwajiriwa wa ofisi ya bandari, abebe viti vinne vya plastiki kichwani, jua la saa sita, akavipange mahali ambapo ikifika saa tisa samaki watakuwa wanapita.

Mwanamke huyo watu walimwita Mpima Maji, na ndiyo kazi yake. Kila asubuhi na kila jioni alishuka gatini, akasimama mbele ya mti mrefu uliochorwa mistari, akasoma maji yamefika wapi na kuandika daftarini. Miaka minane. Alijua bahari itajaa saa ngapi na itakupwa saa ngapi, kama mama anavyojua mtoto wake atalia saa ngapi. Kitu kimoja tu ndicho hakukijua kipimo chake, nacho ni ulimi wake mwenyewe.

Ulimi huo ndio uliomponza. Mwaka uliopita mjane mmoja mwenye nyumba pwani kabisa aliamua kujenga ukuta wa kuzuia bahari. Akashuka ufukweni wiki ya maji mafu, zile siku ambazo bahari hujaa kivivu, haipandi sana wala haishuki sana. Akaona mstari wa mwani ulioachwa na maji, akamwambia kaka yake, Mjomba Mwashi, "Bahari inakoma hapa. Jenga hapa." Mwashi akajenga. Siku ya kumaliza, mafundi wanakunywa chai, Mpima Maji akawa anapita na daftari lake. Akasimama, akatazama, akasema mbele ya watu wote:

"Shikamoo, mama. Ukuta huu umeujenga ndani ya bahari. Mwezi ukiwa mpevu utalala."

Mafundi wakacheka, Mwashi naye akacheka, mpaka chai ikawatoka puani. Wiki haikuisha, bamvua likaja, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, na ukuta ukalala. Ukalala kifudifudi kama mlevi, na kuanzia siku hiyo yule mjane hakuwa na jina jingine mjini ila Mama Ukuta. Akaapa: yule mwenye kinywa kibaya hatakanyaga kwangu, na shikamoo yake sitaiitikia mpaka naingia kaburini.

Sasa sikia vituko vya dunia. Miezi miwili baadaye saa ya mkononi ya Mpima Maji, ile ya kazi, iliingia maji. Akaipeleka kwa fundi, kibanda kidogo nyuma ya posta. Fundi Saa akaitengeneza siku hiyo hiyo. Jumatano iliyofuata ikaharibika tena. Na Jumatano nyingine. Safari ya nne fundi akaifungua, akaichungulia kwa ile lenzi yake ya jicho moja, akaifunga.

"Dada, saa hii ni nzima kuliko mimi."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa." Akakohoa kidogo. "Lakini iache. Kesho nitaitazama tena."

Akaiacha. Na kesho yake akaifuata, amevaa gauni ambalo halivaliwi na mtu anayefuata saa. Walipokuja kuulizana habari za wazazi, Fundi Saa akataja nyumba ya mama yake, kumbe ni ile ile ya Mama Ukuta, na Mpima Maji akakaa chini juu ya sanduku la vyuma chakavu.

Miezi saba walihangaika. Kila alipokutana na Mama Ukuta, sokoni, dukani, zahanati, Mpima Maji alimwamkia, na kila mara Mama Ukuta alitazama pembeni kana kwamba inzi ndiye aliyesema. Shikamoo zake, kama zingekuwa mbegu, angevuna gunia.

Baba yake Mpima Maji naye hakuwa mwepesi. Mzee Tagi alikuwa nahodha mstaafu wa tagi, zile boti fupi nene zinazokokota meli kuingia bandarini. Miaka thelathini amevuta meli za kila namna, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuvutika.

"Mwanangu haendi kubisha mlango aliofungiwa," alisema. "Anayemtaka aje hapa, na mama mtu atamke kwa kinywa chake. Nampa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo huyo Fundi Saa nisimsikie tena hata redioni."

Mama Ukuta alipoletewa habari hiyo alijibu, "Mimi niende kwa baba wa kile kinywa? Labda nibebwe kwenye jeneza."

Fundi Saa naye, moyo wake laini, alisema kabisa kwamba bila baraka ya mama yake hataoa. Mwanamume wa namna hiyo anaudhi, lakini ukimkosa utamlilia.

Zilipobaki siku tatu mwezi uishe, Mpima Maji aliingia kibandani na kitabu cha maji chini ya kwapa.

"Baba hataki kwenda wapi?" akauliza.

"Kwetu."

"Mama yako je?"

"Kwenu. Unanifanyia mtihani?"

"Pale mbele ya nyumba yenu, chini ya ule ukuta uliolala, panapofunikwa na kufunuliwa, ni pa nani?"

Fundi Saa akafikiri. "Pa samaki."

"Saa nyingine pa samaki, saa nyingine pa ndege. Si pa mama yako, na wala si pa baba yangu. Wakikutana pale, hakuna aliyemwendea mwenzake."

"Na maji yakija?"

Alimtazama. Ni mtazamo ambao mwanamume akitazamwa hivyo mara moja, anaanza kuhesabu viti vya arusi. "Jumamosi ni bamvua," akasema. "Maji yatafika miguuni saa nane na nusu. Na njia ya kupanda ni moja tu, mpenzi. Ngazi ya mama yako."

Ndiyo maana ya viti vinne kichwani.

Jumamosi hiyo bahari ilikuwa imekwenda mbali, imeacha mchanga umelowa, unang'aa kama sinia, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni kama wadeni. Fundi Saa alimkuta anapanga viti, akamshika mkono.

"Nimekuletea saa yako," akasema. Akamfunga mkononi, taratibu kuliko inavyohitajika, kitundu kwa kitundu, akamaliza na bado hajauachia mkono.

"Nikikukosa leo?" akauliza.

"Utakuwa na saa moja pungufu ya kutengeneza kila Jumatano."

"Sitanii."

"Na mimi natania kwa sababu nikiacha kutania nitalia. Kaa chini, wanakuja."

Mzee Tagi alifika upande wa gati, fimbo mkononi, nyonga inamsumbua, kofia ya unahodha kichwani. Upande wa pili Mama Ukuta aliteremka ngazi zake tatu za saruji, na nyuma yake Mjomba Mwashi anahema chini ya kiti kizito cha mbao chenye mto mwekundu. Kilikuwa kiti cha marehemu mumewe.

"Viti vipo, mama," Fundi Saa alisema.

"Sikalii vya plastiki. Sikuja kunyolewa."

Mwashi akakitua kiti pale pale mama alipoonyesha kidole, mbele kuliko vyote, karibu na bahari kuliko vyote, ili iwe wazi nani mkubwa. Mpima Maji aliona, akafungua mdomo, akakumbuka mdomo huo ulishamfanya nini, akaufunga.

"Shikamoo, mama," akasema badala yake.

Mama Ukuta alitazama upeo wa bahari.

Mwashi akafungua kikao, maana ndiye mjomba na ndiye mwenye sauti. "Tumekusanyika hapa," alianza, "mahali ambapo, kusema kweli, sijapata kukusanyika."

"Na ukuta wako umekusanyika hapo nyuma," Mzee Tagi akasema.

"Ukuta ule, mzee, ulikuwa imara. Ni ardhi tu iliyoondoka."

"Hata meli yangu ya mwisho ilikuwa imara. Ni maji tu yaliyoingia."

Fundi Saa aliangalia vidole vya miguu yake. Mpima Maji aliuma shavu kwa ndani asicheke.

"Mimi nina swali moja," Mama Ukuta akasema, bado anaitazama bahari. "Mzee mwenzangu, binti huyu ulimlea kwa maziwa au kwa siki?"

"Kwa ukweli," Mzee Tagi akajibu. "Nyumbani kwangu mtu akiona meli inakwenda mwambani anapiga kelele. Hasubiri kuulizwa."

"Hata kama nahodha ni mama mtu mzima mbele ya vibarua wake?"

"Mwamba hauchagui nahodha."

Wakaenda hivyo, saa nzima na zaidi. Walivunjiana heshima, wakahesabiana makosa, wakarudi tena kwenye ukuta. Kila Mwashi alipojaribu kuleta neno la posa, neno lilizama. Fundi Saa alisema mara mbili kwamba anampenda huyu binti na hataki mwingine, na mara zote mbili wazee waliitikia "tumesikia" kama watu wanaoambiwa mvua ilinyesha jana.

Saa nane na nusu, dakika kwa dakika, ulimi wa kwanza wa maji ukafika kwenye mguu wa kiti chenye mto mwekundu.

Mpima Maji alisubiri. Sasa watasimama, alijiambia. Sasa watageuka, wataona ngazi, na Mama Ukuta atasema jambo, hata kama ni "haya pandeni". Alikuwa amepiga hesabu ya kila kitu.

Hakupiga hesabu ya ukaidi. Mama Ukuta alinyanyua miguu kidogo, akaishusha ndani ya maji, akatulia. Mzee Tagi akamwona, akaishusha na yeye.

"Mama, maji," Fundi Saa akasema.

"Nayaona. Akisimama yeye nitasimama."

"Baba, nyonga yako," Mpima Maji akasema.

"Nyonga imezoea bahari. Aanze mwenye kiti kikubwa."

Maji yakafika vifundoni. Mwashi aliinuka bila kuomba ruhusa, na kiti chake kikaelea, kikaanza safari. Fundi Saa akakikimbilia, akakirudisha, kufika akakuta cha kwake nacho kimeondoka. Wale wazee wawili wamekaa tu, wametazamana, kama watu wanaongoja mlango wa ofisi ufunguliwe.

Bahari ina tabia yake. Huanza kujaa polepole kama mzee anayeamka, katikati inakimbia, mwisho inachoka tena. Na Mpima Maji alijua kwamba sasa ndiyo inaingia kwenye mbio. Maji yakafika katikati ya muundi. Ndipo Mama Ukuta alipojaribu kujisogeza, kidogo tu, na kiti hakikusogea. Miguu yake minne ilikuwa imezama mchangani, na yeye mwenyewe alikuwa amedidimia kwenye mto uliolowa, magoti juu. Uso wake haukubadilika, ila mikono ilikamata mbao.

Mpima Maji aliiona ile mikono. Mipango yake yote ikamtia haya. Akaingia majini na gauni lake, akapita viti vinavyoelea, akapiga magoti mbele ya kile kiti, maji kiunoni.

"Mama," akasema, "nilikosea."

"Ukuta si ulianguka?"

"Ulianguka. Kuhusu maji nilisema kweli, na nikiulizwa tena nitasema vilevile. Lakini ningebisha mlango. Ningekukuta jikoni, wewe na mimi, nikakwambia taratibu. Nilikuvua nguo mbele ya vibarua, na mtu mzima havuliwi nguo. Nisamehe."

Wimbi likapita kati yao. Mama Ukuta kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, akamtazama kwa muda.

"Unajua ukuta ule nilikuwa namjengea nani?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Kile chumba cha mbele, chenye dirisha la bluu. Nilikijenga kwa ajili ya mke wa mwanangu. Sikuwa namjua bado. Nikasema, bahari isije ikamlowesha mkwe wangu. Halafu akatokea msichana na daftari."

Mpima Maji aliinamisha kichwa. Machozi yakamtoka, yakaingia baharini, na bahari haikuongezeka kwa kipimo chochote anachokijua.

"Sema tena," Mama Ukuta akasema. "Lile la nisamehe. Kwa sauti, na Mwashi asikie, maana na yeye alicheka."

"Nilicheka kwa woga, dada," Mwashi akasema kutoka majini.

"Nisamehe, mama," Mpima Maji akasema kwa sauti ya kuita boti.

Mama Ukuta akavuta pumzi. Akageuza shingo, kiasi ambacho kiti kiliruhusu, akamkabili Mzee Tagi. Maji yalikuwa yamewafika mapajani.

"Mzee mwenzangu. Namtaka binti yako kwa mwanangu. Nimekuja kumtaka mimi mwenyewe na kinywa changu hiki."

Mzee Tagi aliweka mkono nyuma ya sikio. "Mawimbi haya. Sikusikia vizuri."

"Umesikia."

"Nimesikia, ila neno hili nimelingoja miezi saba. Nataka nilisikie mara mbili."

"Nipe binti yako, mzee, halafu unitoe hapa kabla sijaolewa na pweza."

Mzee Tagi alisimama. Nyonga ililia, hakuisikiliza. "Nimekupa," akasema, akavua kofia, akamvika Fundi Saa kichwani ili mikono iwe huru. "Mwashi, kamata nyuma. Wewe kijana, kushoto. Binti, mshike mama miguu. Hatuvuti moja kwa moja, meli iliyokwama haivutwi hivyo. Tunaitikisa kwanza, mchanga ulegee, tunangoja wimbi linyanyue. Bado. Bado. Sasa."

Kiti kikatoka mchangani na sauti ya busu kubwa, Mama Ukuta akiwa juu yake, na wakaja naye hivyo hivyo mpaka kwenye ngazi, amekaa wima kama aliyepanga tangu asubuhi.

Kwenye ngazi ya kwanza Mpima Maji alisimama. Hapo ndipo ardhi ya Mama Ukuta ilipoanzia.

"Unangoja nini?" Mama Ukuta akauliza kutoka kitini.

"Ulisema nisikanyage."

"Nilisema mengi. Nilisema pia bahari inakoma pale." Akaonyesha kwa kidevu mahali ambapo ukuta wake ulikuwa umezama wote chini ya maji. "Panda, mtoto, mgongo wa mjomba wako utakatika."

Akapanda.

Walikausha nguo kibarazani, wakapewa chai na mashuka ya kujifunga. Mzee Tagi alijifunga shuka la maua na hakuona aibu hata kidogo. Mama Ukuta aliulizia saa, na Fundi Saa akaushika mkono wa mchumba wake. Akatazama ile saa, akaiweka sikioni.

"Imekufa," akasema. "Safari hii kweli. Imesimama saa tisa na dakika nne."

Mpima Maji akahesabu kichwani. "Ndiyo dakika mama aliponitaka."

"Basi usiitengeneze," Mama Ukuta akamwambia mwanawe. Kisha akakunja uso, maana alikuwa bado na jambo. "Haya, Mpima Maji. Mwezi ni mpevu leo. Maji haya yatakoma wapi? Ukuta wangu niuweke wapi? Safari hii nakuuliza mimi."

Fundi Saa alimtazama mpenzi wake. Posa imetolewa, ndiyo, lakini kila aliyekuwa pale alijua kwamba ndoa inaweza kufungwa na bado mkwe akaishi miaka ishirini na mama mtu anayetazama pembeni.

Mpima Maji aliteremka uani. Alitazama bahari, akatazama miti, akainama akashika mchanga. Akaenda mpaka ukingoni mwa maji, akageuka kurudi upande wa nyumba, akapita kamba ya kuanikia nguo, akasimama hatua nne kutoka dirisha la bluu. Akakandamiza kisigino.

"Hapa. Maji makubwa ya leo hayapiti hapa. Ukuta uanzie hapa, na chumba kitapona."

"Kaka, leta kiti," Mama Ukuta akasema.

Kile kiti, kinachuruzika maji, kikawekwa miguu ya mbele juu ya alama ya kisigino. Mama Ukuta akakaa. "Nitaona mwenyewe."

Wote wakaja kusimama nyuma yake. Maji yakaendelea kupanda, sasa yamechoka, yanajivuta. Yakapita kamba ya nguo. Yakaja hatua mbili, hatua moja. Wimbi moja likarusha ulimi mrefu kuliko wenzake, na Mwashi akafumba macho. Fundi Saa alitafuta mkono wa Mpima Maji, akaukuta unamtafuta wake.

Povu likajitandaza, likapungua, likafika upana wa vidole vitatu mbele ya mguu wa kiti. Likasimama pale, kama mgeni anayengoja kuambiwa karibu. Kisha taratibu likaanza kurudi lilikotoka, na halikurudi tena mpaka pale.

Mama Ukuta alitazama mchanga mkavu chini ya miguu yake, akatazama mchanga uliolowa mbele yake, akamtazama kaka yake mwashi kwa namna ambayo mwashi alijua kesho ana kazi.

Mpima Maji, amejifunga shuka la watu, nywele zina chumvi, akazunguka mbele ya kiti. Akainama kama alivyoinama sokoni na dukani na zahanati.

"Shikamoo, mama."

Mama Ukuta akanyoosha mkono, akamtoa jani la mwani lililokwama begani.

"Marahaba, mwanangu," akasema.